Allion ya 1ZZ, kilomita 268,000: nataka kufunga inteki ya koni, sensa ya hewa niitie wapi?

Chake240

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nna Allion ZZT240 ya 2002, injini 1ZZ-FE, otomatiki, dashibodi inasoma 268,000. Nimepata seti ya inteki (njia ya kuingizia hewa kwenye injini) iliyotumika kutoka Dar: bomba la aluminiamu la inchi tatu, kichujio cha koni cha pamba kile cha kupakwa mafuta, mipira miwili ya silikoni na klipu zake. Haina maelezo yoyote na haikutengenezwa kwa gari hii hasa, ni ya "inaingia kila gari".

Hali ya gari: inakula oili kama nusu lita kila kilomita 1,000, asubuhi inatoa moshi wa buluu kidogo. Kwenye milima ya njia ya Mkoani inakuwa nzito, nakanyaga lakini haiendi. Taa ya injini haiwaki. Plagi mpya.

Maswali yangu: sensa ya hewa ikae wapi kwenye bomba jipya? Ule mpira mdogo unaotoka kwenye tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini), nimeambiwa niukate nitie kale kachujio kadogo kanakouzwa peke yake, ni sawa? Na koni nifunge ndani ya boneti au niishushe nyuma ya bampa ipate hewa baridi? Nafunga mwenyewe, spana ninazo.

Ami wa Fuoni

Waalaykum salaam kijana. Hewa inayoingia ni jambo moja, uzito wa gari mlimani ni jambo jengine. Usiyachanganye kabla hujapima.

Injini yako ni cc 1,794 na kila silinda huvuta hewa mara moja katika mizunguko miwili. Ukipanda mlima kwa mizunguko 2,500 kwa dakika haiwezi kuvuta zaidi ya lita 2,240 kwa dakika. Ikifika 6,000, pale kiwanda kinapodai nguvu farasi 132, inakwenda mpaka lita 5,380. Boksi la ea klina (kichujio cha hewa) lilipigiwa hesabu ya hiyo 6,000, kwa hivyo mlimani linapitisha chini ya nusu ya inavyoweza. Na ukiwa unakwenda taratibu, kinachobana hewa ni throto yenyewe (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta), maana hukuifungua. Wanaosema koni inapunguza ulaji wa petroli sijui wanapigia hesabu wapi.

Usiniamini mimi, pima. Tafuta mita nne za mpira mwembamba unaoonesha ndani. Sehemu yake ukunje herufi U juu ya ubao, kila mguu usimame sentimita 60, tia maji yenye rangi mpaka nusu. Chomoa mpira wa pumzi wa tapeti kava upande wa bomba la hewa. Ile chuchu iliyobaki wazi ndo unaunganisha mpira wako. Mdomo wa mpira wa pumzi ufunike kitambaa safi, usiuzibe kabisa. Pitisha mpira dirishani, ubao ashike mtu wa pembeni na asome yeye, wewe tazama njia. Gia ya pili, kanyaga mpaka mwisho, iache ifike 5,500, halafu soma tofauti ya maji baina ya miguu miwili. Kila sentimita 10 ni karibu kilopaskali 1, na hewa yetu ya pwani ina kama 101. Yaani sentimita 10 ni asilimia 1 ya hewa, kwako wewe farasi mmoja na kidogo. Miguu ya U usiifupishe, maji yakivuka juu yanaingia kwenye injini.

Sasa joto. Koni wazi ndani ya boneti inavuta hewa ya rejeta na ekzosi. Nje iwe nyuzi 32, ndani ya boneti 60, na unapopanda taratibu au umekwama Darajani inafika. Hewa ya nyuzi 60 ni nyepesi kwa asilimia 8 kuliko ya nyuzi 32. Unahangaika kuokota asilimia 1 kwenye kichujio huku unamwaga 8 kwenye joto. Boksi la zamani linavuta mbele, nje ya joto la injini. Waliolichora hawakuwa wajinga.

SpanaKumi

Ami kasema kweli, lakini kijana keshanunua bomba na maswali yake matatu bado yananing'inia.

Sensa ya hewa. Hili ndo linaloua seti za "inaingia kila gari". Sensa ya 1ZZ ni waya wa moto uliokaa kwenye mdomo wa kifuniko cha boksi. Haipimi hewa yote, inapima kasi ya hewa inayopita pale ilipo, halafu kontroli boksi (kompyuta ya injini) inakisia iliyobaki kwa kuwa inajua upana wa ule mdomo. Ukiitia kwenye bomba pana zaidi kasi inapungua na sensa inasoma kidogo. Pima mdomo wa zamani kwa kalipa, kipenyo cha ndani. Tuseme umepata milimita 60 na bomba lako ni 76: gawa 60 kwa 76, zidisha jibu kwa lenyewe, unapata 0.62. Kontroli boksi itaamini hewa ni asilimia 62 tu ya iliyoingia na itatia petroli ya hiyo 62. Sensa ya oksijeni itajaribu kuongeza, itafika kikomo, taa itawaka kwa kosa la hewa nyingi petroli kidogo (P0171). Ukikanyaga mpaka mwisho ndo balaa, kwa sababu hapo kontroli boksi haisikilizi tena sensa ya oksijeni, injini inachoma hewa nyingi petroli kidogo, inagonga, vali zinaungua. Kwa injini ya 268,000 hiyo si hatari ndogo.

Dawa yake: usitoboe bomba. Nenda kwa wauza spea za mtumba utafute kifuniko cha boksi cha 1ZZ kilichovunjika. Ukate ule mdomo wenye kiti cha sensa kwa msumeno wa chuma, pamoja na ule wavu wa kunyoosha hewa kama upo, ulainishe ncha, uunganishe na bomba lako kwa mpira wa silikoni unaopunguza upana. Kifuniko chako kizima kiweke, kuna siku utakirudisha. Sensa itanguliwe na sehemu iliyonyooka, sentimita 10 mpaka 15 baada ya kona ya mwisho, na mshale wake uelekee throto. Hewa inayozunguka kwenye kona huifanya isome juu chini, injini ikiwa sailensi (inawaka bila ya kukanyagwa) utasikia inapanda na kushuka.

Kwenye gari ya umri huu plastiki zote zimekauka. Soketi ya sensa ina kidole cha kufungia, ukikibonyeza baridi kinakatika. Kipashe kwa kitambaa kilichochovywa maji ya moto dakika mbili, halafu bonyeza. Oringi ya sensa itakuwa imekuwa bapa na ngumu, tafuta mpya, iguse kwa grisi ya silikoni kidogo sana, isifike kwenye waya. Mpira wa pumzi ukishikana na chuchu usiuvute, utaondoka na chuchu yake. Uchane kwa wembe kwa urefu, utie mwengine.

Mpira wa pumzi na kale kachujio kadogo: hapana. Mpira ule unapeleka hewa iliyokwisha kupimwa na sensa ndani ya injini, na vali ya PCV inaivuta kuirudisha kwenye menifoldi ya kuingizia hewa pamoja na gesi zinazovuja chini ya pistoni. Ukitia kachujio pale, PCV itavuta hewa ambayo sensa haikuiona. Sailensi inakuwa mbovu, na tapeti kava inapakaa mafuta na vumbi pande zote. Bomba lako lazima liwe na chuchu ya mpira huo, na ikae baina ya sensa na throto. Kama haina, toboa, chomelea, halafu osha bomba kwa maji na sabuni na ulipangushe ndani mara mbili tatu. Chembe za aluminiamu zikibaki zinakwenda moja kwa moja kwenye silinda, hakuna kichujio baada ya hapo.

Kazi yenyewe ni fupi. Toa waya hasi wa betri. Chomoa soketi ya sensa, legeza klipu ya throto, fungua bolti za 10 za boksi, ling'oe zima. Ziba throto na kitambaa papo hapo, kabla nati haijadondoka humo. Panga kila kitu bila ya kukaza, washa injini na umwambie mtu atie D huku breki imekanyagwa. Angalia inavyocheza. Maunting za injini yako zimeshachoka, itaruka sentimita mbili au zaidi, na bomba gumu litagonga boneti au litang'oa mpira. Kwa hivyo mpira wa upande wa throto uwe wenye nundu katikati, na bomba lishikwe kwa kikono chenye raba, lisining'inie kwenye throto. Klipu za chuma cha pua, hizi za kawaida kwa chumvi yetu hazimalizi mwaka. Kaza kwa bisibisi ya mkono mpaka mpira uanze kufinyika, basi. Ukizidisha silikoni inakatika.

Wete_Injini

Mmeeleza mambo ya hewa inayoingia. Inayotoka je?

Gari inakula nusu lita kila 1,000, imefika 268,000, na mlimani haiendi. Mimi ningeanza kwenye masega (yale ya kusafisha moshi, katalisti ya ekzosi). Oili inayoungua inaacha majivu, majivu yanaziba vitundu vya masega, na injini isiyoweza kutoa pumzi haivuti nyengine hata ukiitia bomba la inchi sita. Fungua sensa ya oksijeni iliyo kabla ya masega, funga geji ya presha kwenye tundu lake. Sailensi isizidi psi 1.5, kwenye 2,500 isizidi 3. Ikizidi hapo pameziba. Fanya injini ikiwa na joto kiasi, ikiwa ya moto sana sensa inang'oka na uzi wake.

Na hiyo oili: 1ZZ za miaka ya mwanzo pistoni zake zina matundu machache ya kurudisha oili nyuma ya ringi ya tatu, yanaziba kwa kaboni, ringi inakwama. Usidanganywe na kompresheni. Ringi mbili za juu zinaweza kuwa nzima ukapata bar 12 au 13 kila silinda, huku ile ya oili imelala. Ukipata chini ya 10, au silinda zinatofautiana kwa zaidi ya bar 1, hapo kuna tatizo jengine tena. Kwa wepesi anza na PCV, ni spea ya bei ndogo: ing'oe, itikise. Ikilia chaka chaka bado ina uhai, ikiwa kimya imeganda. Halafu ipulize, inapitisha upande mmoja tu.

Ami wa Fuoni

Kuhusu kushusha koni nyuma ya bampa, sikujibu, na hili silo la kuacha.

Kila silinda yako ni cc 448 na kompresheni ni 10 kwa 1, kwa hivyo pistoni ikifika juu inabaki nafasi ya cc 50. Maji hayabanwi. Kikombe kimoja cha kahawa ya barazani kikiingia kwenye silinda moja, pistoni inagota na koneksheni rodi inapinda. Masika yakishika, pale Mwanakwerekwe maji yanasimama barabarani, na huko kwenu mabonde yapo kila baada ya mlima. Koni iliyo nyuma ya bampa iko sentimita 20 au 30 kutoka ardhini, na wimbi la gari inayokuja mbele linafika juu ya hapo. Ikitokea injini imezimika majini, usipige stata hata mara moja. Toa plagi zote nne, chomoa soketi za injekta na koili, ndo uzungushe maji yatoke.

Chake240

Ahsanteni sana, nimepima vyote wiki hii.

Maji ya kwenye U: na ea klina iliyokuwamo, sentimita 22. Nimetia mpya ya karatasi, ikashuka mpaka 8.
Masega: sailensi psi 2, kwenye 2,500 psi 5 na nusu.
PCV haikulia kabisa. Nimetia mpya.
Kompresheni: 12.5, 12.4, 12.6, 12.1.

ELM (kisomeo cha makosa ya injini) ndogo ya bei rahisi haikushika gari. Fundi mwengine ana mashine inayosoma Toyota za Japani, imeonesha marekebisho ya mafuta ya muda mrefu (petroli inayoongezwa na kontroli boksi, kwa asilimia) +13 ikiwa sailensi, na +4 kwenye 2,500. Hewa kwenye sensa gramu 2.1 kwa sekunde, eyakondishen imezimwa. Hii +13 imetokana na nini na sijafunga chochote bado?

Wete_Injini

Psi 5 na nusu, jibu lako la mlimani ni hilo. Kompresheni nzuri na oili inakwisha, ringi ya oili hiyo. Usinunue masega mapya kabla hujadhibiti oili, yataziba tena. Endesha kama kilomita 1,000 na PCV mpya kwanza upime imekula ngapi, kuna gari zinapungua sana kwa hiyo tu. Na wale watakaokwambia uyavunje masega uache gamba tupu: gari itapumua, ila moshi wote huo utatoka nyuma kwa walio barabarani.

SpanaKumi

ELM kukataa ni kawaida kwa gari za Japani za miaka hiyo, soketi ni ile ile lakini lugha nyengine. Ukitaka kusoma makosa bila ya mashine, unganisha tundu la 4 na la 13 kwa kiwaya, washa swichi bila ya kupiga stata, hesabu taa ya injini inavyowakawaka. 31 ni sensa ya hewa, 24 joto la hewa, 25 mchanganyiko una hewa nyingi.

Hiyo +13 inayoshuka kuwa +4 ukikanyaga ni hewa inayoingia bila ya kupimwa. Sailensi injini inavuta hewa kidogo, kwa hivyo tundu dogo linaonekana kubwa. Ukikanyaga, tundu ni lile lile lakini hewa halali imekuwa nyingi. Ingekuwa kinyume, inapanda kadiri unavyokanyaga, ningesema sensa chafu au pampu ya petroli imechoka. Ng'oa ule mpira wa mikunjo wa kutoka boksi kwenda throto, uukunje kwa mikono na uangalie upande wa chini baina ya mikunjo. Ndipo unapochanika, na ukiwa umefungwa huoni. Kama mzima, chukua chupa ya kupulizia maji yenye ukungu mwembamba, injini inawaka, puliza pole pole kwenye gasketi ya menifoldi na vimipira vya vakyumu. Pale sauti inapobadilika ndipo penye tundu. Kabureta klina inafanya kazi hiyo hiyo, lakini ikidondokea ekzosi ya moto una moto mkononi.

Gramu 2.1 si mbaya kwa injini hii, ila ukifika hapo safisha na sensa: dawa yake maalumu tu, mipulizo kama 10, usiguse waya, iache nusu saa ikauke. Kabureta klina usiitie hapo.

Chake240

Mpira wa mikunjo umechanika chini, mpasuko wa sentimita nne, kidole kinaingia. Nimeagiza mwengine. Sasa nikishamaliza masega na oili, ile inteki bado ina faida gani? 8 tu kwenye U, kwa hesabu ya Ami ni kama farasi mmoja tu.

Ami wa Fuoni

Huna faida nayo. Baki na boksi, ila hakikisha lile bomba la kuvutia hewa la mbele bado lipo na limekaa pahala pake. Gari nyingi za mtumba limeshapotea, boksi linavuta ndani ya boneti na mwenyewe hajui. Na ea klina ya karatasi, kwa anayepita njia za vumbi, ifungue kila kilomita 5,000. Usiipige hewa ya kompresa kwa karibu, karatasi inatoboka matundu usiyoyaona. Pangusa ndani ya bomba baada ya kichujio kwa kitambaa cheupe. Kikitoka na chembe za mchanga, kuna pahala panapita. Mchanga ni mgumu kuliko chuma cha silinda.

SpanaKumi

Koni ya pamba mafuta yake yakizidi yanapaa yakaganda kwenye waya wa sensa, nayo inaanza kusoma uongo taratibu. Kwa gari yako siitaki. Bomba la inchi tatu muuzie mwenye Mark II ya 1JZ-GTE VVT-i. Ile haina sensa ya hewa kwenye bomba, inasoma presha ya menifoldi, kwa hivyo upana wa bomba hauibabaishi. Na ina tabo (pampu ya kusukumia hewa ndani), hewa inaitaka kweli.